Laini Yako Sijaifunga

Dada Kadzo,

Tangu usafirishwe Kilifi kwenye sanduku, mimi niko palepale Jeddah, kwa madam yuleyule. Dereva wa bosi wako aliniletea begi lako kutoka Riyadh. Leso mbili, mafuta ya nywele, na simu. Niliizima, nikaitoa laini, nikavifunga viwili hivyo kwenye soksi mle begini.

Unakumbuka siku ile Batha, sote tukiwa bado Riyadh? Kafili wako, yule bosi, alikuwa ameikalia ikama yako, kibali cha kuishi, nikakuchukulia simu ya mkataba kwa jina langu. Ukacheka: "Nikikosea, watakushika wewe."

Wamenishika, dada. Nilipiga kwa kampuni ya simu laini ifungwe. Kijana akasema imebaki miezi kumi na minne, nikivunja mkataba nilipe faini. Nikamwambia mwenye kuitumia amekufa.

"Mkataba uko kwa ikama yako. Na wewe u hai."

Nilipiga mara nne. Ya nne nikapokewa na mwanamke. Nikalia, nikamwambia mtu hatozwi faini kwa kufa. Nikamsikia akibofya kompyuta. Kisha akauliza polepole, "Una hakika amekufa? Laini hii ilipiga Kenya Jumapili. Dakika kumi na moja."

Akanisomea namba. Ya mama.

Nikaifungua soksi. Laini ilikuwemo. Simu ilikuwemo, imezimwa.

Nikampigia mama. Hata hakushtuka. "Ni Kadzo. Hupiga kila Jumapili. Hasemi kitu, anapumua tu. Mimi humpa habari za nyumbani, mbuzi amezaa, paa tumeliezeka. Tangu aanze kupiga, napata usingizi."

Dada, mama hakuwa amelala tangu wakuzike.

Wiki iliyofuata yule mwanamke akanipigia mwenyewe. Cheti chako cha kifo nilichomtumia kimekubaliwa, faini imefutwa. "Niifunge sasa?"

Nikasema mafi, hapana, iache. Hakuniuliza sababu. Alikata haraka, kama mtu aliyeogopa kujibiwa.

Sikuogopi, dada. Naongopa, nakuogopa. Jumapili sipiti karibu na lile begi. Lakini nakuahidi nitailipia laini mpaka miezi hiyo iishe, hata ikibidi niongeze mkataba wa kazi kwa madam. Ila mimi usinipigie, tafadhali. Sitaweza. Mpigie mama. Na siku zikikaribia kwisha, sema naye, hata neno moja, umuage vizuri. Hatukukupa nafasi hiyo.

Kisha ulale, dada yangu. Kwaheri.

Mdogo wako,
Dama