Namba Sita wa Kwenye Gemu

Mdogo wangu Bura,

Habari za huko sikuulizi, maana hujibu. Za hapa Karatu ni upepo, vumbi, na kibanda chetu cha gemu ambacho bado kinajaa kila Jumapili watu wakitoka ibadani.

Vijana bado wanaichagua timu yetu, ile uliyoichezea uwanjani ukaiingiza na kwenye gemu. Ulisema gemu ya mpira waliyotuletea ni ya uongo, nyasi kama zulia na hakuna anayechoka. Basi ukakaa kwenye kompyuta ukitengeneza modi, vile viraka mnavyobandika nyie mashabiki ili gemu ifanane na maisha. Ukaweka uwanja wa Endamarariek na udongo wake mwekundu, magoli ya miti, ng'ombe wanapita nyuma ya goli. Msimu wa vitunguu ukawapunguzia wachezaji pumzi, eti wametoka shambani. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Wewe mwenyewe ukajiweka namba sita, mzito, mguu wa kushoto hauna kazi. Nikakuambia, "Si ujiongezee kasi kidogo, nani atajua?"

"Mimi nitajua, dada."

Mechi ukatangaza mwenyewe, lafudhi ya Kiiraqw imejaa tele. Kila mchezaji ulimwita jina isipokuwa wewe. Uliona aibu kujitaja, ukarekodi tu, "Namba sita huyooo!"

Tena ulikuwa na sheria: mchezaji akiacha timu uwanjani, kwenye gemu anatoka siku hiyo hiyo. Hata rafiki yako Petro, alipohamia Wasso, ulimfuta bila huruma.

Sasa wewe tumekuzika, na kwenye gemu ulikuwa bado unacheza. Nilikuacha. Jezi yako haikuwa na mtu, nikasema potelea mbali, sheria isubiri. Lakini wiki hii kocha amempa Paskali, kijana mgeni kwenye timu. Wateja wakaanza, "Dada, Paskali mbona hayumo?" Sikutaka. Kukufuta niliona ni kukuzika tena, na mara ya kwanza ilinitosha.

Jana Petro alikuja kutoka Wasso, akanielekeza. Nikakufuta, tukamweka Paskali. Ana kasi kuliko wewe, samahani, ndiyo kweli yenyewe. Vijana wakacheza, mimi nikajifanya nafagia.

Mechi inakaribia kuisha, Paskali akafunga. Jina lake hukuwahi kulirekodi, kwa hiyo gemu ikatoa sauti uliyoiacha kwenye jezi ile.

"Namba sita huyooo! Namba sita!"

Bura, wewe hukuwahi kufunga hata goli moja, uwanjani wala kwenye gemu, hivyo sijawahi kukusikia ukilishangilia. Nikaweka ufagio chini nikalia mbele za watu, mimi niliyejikaza msiba mzima.

Petro akauliza kama aitoe ile sauti. Nikamwambia akiigusa nitamvunja mkono.

Haya, pumzika. Jumapili nafungua mapema.

Dada yako