Hatua za Cherehani

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni za hapa dobini. Shangazi kaniandikia alichosema daktari: sukari haitashuka ukishinda umekaa kwenye cherehani. Najua kichwa chako kigumu, kwa hiyo nakuhonga. Vaa hiki kidude, kinahesabu hatua. Kila wiki ukifikisha elfu arobaini, natuma pesa.

Mwanao

20 Machi

Marahaba, mama. Mguu haujambo, ila nyumba inapwaya bila wewe. Hatua elfu sitini na mbili! Lete hongo yangu.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo, Baba. Pesa nimetuma, na barua yako nimewasomea wenzangu wote kazini. Lakini shangazi anasema hujavuka kizingiti, na sukari imepanda. Ulitembea wapi? Usinifiche.

Mwanao

11 Mei

Marahaba, mama. Nimechelewa kujibu kwa aibu. Kidude nilikifunga kwenye kifundo cha mguu, nikakanyaga pedali. Nimeshona sare za shule nzima, kidude kinahesabu tu. Pesa zako sijagusa, zimo kwenye kopo la vifungo. Nilikuwa nakuwekea nauli ya kurudi.

Sitoki kwa sababu barabara ni hiyo moja, inapita pale kituoni tulipoagana. Miaka sita sijapita. Nimekukumbuka mno, mama. Mzee mzima, nalia kwenye vitambaa vya wateja.

Baba yako

28 Mei

Shikamoo, Baba, mwizi wa hatua. Nimecheka, kisha na mimi nikalia kwenye mashuka ya watu. Hongo imekwisha. Za kwenye kopo zitunze, na mimi naongezea huku. Desemba nakuja. Ila sitaki kupokewa na shangazi. Nataka nikishuka kwenye basi nikukute wewe, umekuja kwa miguu yako.

Mwanao

19 Juni

Marahaba, mama. Kidude nimekifungia kabatini, siku hizi nahesabu mwenyewe. Kutoka mlangoni hadi kituoni ni hatua elfu mbili mia tatu na nne. Jumatatu niliishia kwa fundi viatu, pumzi zikanishinda, nikarudi. Jana nilifika. Basi lilikuja, watu wakashuka. Nilijua hutakuwemo, lakini niliangalia kila uso mpaka dereva akaniuliza namsubiri nani.

Nikamwambia, binti yangu, Desemba.

Leo naenda tena.

Baba yako