Mechi ya Mwisho ya Pweza wa Mlingotini

Baba Zuhura,

Nakutolea salamu kwanza, maana hata mwenye hasira huanza na salamu. Sasa sikiliza. Ile mechi nimeicheza. Uliniambia, "Usiiguse mpaka nipone." Hukupona. Nimekungoja eda nzima, miezi minne na siku kumi, na zaidi ya hapo sikuweza. Kasirika huko uliko, lakini nimeicheza.

Na usinione jeuri, jeuri hii umeifuga mwenyewe. Mimi ile kompyuta nilikuwa naiita mke mwenzangu, umesahau? Uliiunga kwa vipande vya kompyuta zilizokufa pale kibandani kwako Bagamoyo ulipokuwa ukitengeneza redio, ukaileta nyumbani umeikumbatia kama mwali. Nikadhani itamsaidia Zuhura masomo. Kumbe mpira! Tena si mpira wa kuonekana. Majina, namba, na vidoa vinavyokimbizana kwenye kijani. Mtu mzima na ndevu zako unasimama kitini unamgombeza kidoa: "Rudi nyuma wewe, rudi!" Nilicheka mpaka nikaona aibu kwa majirani.

Kisha figo zikakushika. Mikono ikavimba, mausi ukashindwa kuibonyeza, ukaniita. "Mama Zuhura, njoo uwe mkono wangu." Nikaja kwa kukuonea huruma tu, Mungu shahidi. Siku ya kwanza nikamuuza mshambuliaji wetu kwa bahati mbaya, nikabonyeza ndiyo pahala pa hapana. Ukasema, "Haya, ameshakwenda. Tutafute mwingine." Hukutaka kurudisha mchezo nyuma. Hiyo ndiyo sheria uliyonipa siku ile: kilichotokea kimetokea, kurudia ni haramu.

Hapo ndipo nilipoanza kukuelewa, na naomba radhi kwamba nilichelewa. Watu walisema unacheza. Hukuwa unacheza, ulikuwa unalea. Unamchukua mtoto wa miaka kumi na sita hajui kupiga pasi, unamvumilia misimu mitatu, unampa dakika kumi, unampa ishirini, mpaka siku moja anafunga na wewe unajua ni kwa sababu yako. Na kocha akishapanga timu miguu si yake. Anakaa pembeni anatazama. Wewe miguu yako ilikuwa haikubebi tena hata kwenda chooni, lakini mbele ya kile kioo hukuwa mgonjwa, ulikuwa kocha. Nani mwingine alikupa cheo hicho? Si mimi, mimi nilikuwa nakupa uji.

Timu uliiita Pweza wa Mlingotini, ukaipachika daraja la chini kabisa huko kwenye nchi za theluji, na wachezaji ukawabatiza majina ya watu wetu. Ndugu yako Haji ukamtia golini. Bi Rukia, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, ukamfanya beki wa kati, "kwa sababu hapitiki." Ukawapandisha daraja mara mbili. Msimu wa mwisho hukufungwa nyumbani hata mara moja. Ikabaki mechi moja, nyumbani, tukishinda tunapanda tena, na ndiyo ile uliyoniambia nisiiguse. Siku ya tatu yake ukaondoka.

Basi nikakaa eda. Nguo nyeupe, uso bila wanja, mlango siuvuki. Kila baada ya sala ya alasiri naiwasha kompyuta, nasoma majina ya wachezaji, naizima. Sibonyezi kitu. Mama yako akaona. Ewe! Kulikuwa na maneno humu ndani. Mjane gani anatazama mpira? Mwanangu hata udongo haujakauka! Nikamwambia tumuite Bi Rukia atuamulie. Akaja, akakaa, akaomba aonyeshwe. Akatazama kioo, akauliza, "Hawa ndio wanaume wenyewe?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Eda inakataza kujipamba na kuposwa. Hiki kidoa kitaleta posa?" Kisha akaona jina lake. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, akafunika mdomo kwa mtandio. Mama yako akaenda zake jikoni.

Baada ya arobaini kikaja kikao cha mirathi. Haji akasema kompyuta aichukue yeye, aifute, akaitumie kwenye duka lake Kerege la kupiga chapa. Aifute! Nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake, nikasikia neno hilo nikahisi kama anakuzika mara ya pili. Nikapaza sauti kutoka ndani, na wewe unajua mimi si wa kupaza sauti mbele ya wanaume. Nikasema: mimi nina thumuni yangu ya mjane, Mungu ndiye aliyenipa, hakunipa mtu. Katika thumuni hiyo nihesabieni kompyuta. Minazi ya fungu langu chukueni.

Halafu wakacheka. Mmoja akasema majonzi yamempanda kichwani. Sheikh akaniuliza mara tatu, kama tunavyoulizwa siku ya ndoa, na mara tatu nikajibu. Mpaka leo nikipita wanawake wananong'ona: yule aliyeacha minazi akachukua mpira. Waache wanong'one. Minazi wanayo, mbona hata hawaangui.

Alhamisi moja nikatoka eda. Nikaoga, nikajifukiza udi, nikavaa lile gauni la samawati ulilokuwa unalipenda. Jumamosi baada ya alasiri nikaketi. Mama yako akaja na mkeka wake, eti anataka kuchambua mchele pale pale. Haji naye akaja kumsalimu mama, akasimama mlangoni. Nikamwita aone. "Shemeji, tazama orodha ya makipa." Akainama. Akasoma jina lake. Akasogeza kigoda akakaa karibu na mama yake, akafuta macho kwa kofia. Kisha akauliza, "Sasa mbona nipo benchi?" Yaani watu wa ukoo wenu! Nilikuwa nimeapa sitamsamehe. Nikampanga.

Lakini kabla ya mechi kulikuwa na jambo moja, na hili ndilo ninalokuandikia. Juu pale palikuwa na jina lako: Kocha. Mechi ikichezwa inaingia kwenye rekodi yako, ukishinda wewe, ukifungwa wewe. Nikaitazama. Umeondoka hujafungwa nyumbani, na aliyelala hajitetei. Ili jina langu liingie ilibidi wewe ujiuzulu, na wa kukujiuzulisha nilikuwa mimi. Nikabonyeza. Kompyuta ikauliza: una hakika?

Baba Zuhura, siku ulipokata roho sikulia, nilikuwa na watu wa kuwapokea. Siku ya maziko sikulia. Pale nililia. Nililia mpaka mama yako akaacha mchele akanishika bega. Sina hakika! Nani ana hakika? Nikabonyeza ndiyo. Jina lako likashuka, likakaa kwenye orodha ya makocha waliopita, na mbele yake rekodi zako zote. Nikaandika langu.

Tukafungwa mbili kwa moja.

Bi Rukia aliwaka, masikini, alizuia kila kitu. Bao la pili lilipita miguuni mwa Haji dakika ya tisini. Haji akashika kichwa akasema, "Jua lilikuwa usoni." Jua gani kwenye nchi ya theluji? Na mama yako, mama yako yule yule wa udongo haujakauka, akaniinamia sikioni: "Si unaweza kuirudia? Irudie, nani atajua?"

Mkono ukaniwasha, sikufichi. Kama kurudisha nyuma kungekuwa kunawezekana, ningeanzia hapo? Ningerudi kwenye ile asubuhi ulipoanza kuvimba miguu na mimi nikasema ni chumvi. Nikamwambia, "Mama, hairudiwi." Nikahifadhi mchezo vile vile ulivyo. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi nimekubali mechi. Kingine sijakubali, na usinitake nikubali.

Sasa msimu mpya umeanza. Haji anakuja kila Jumamosi, anataka kujua kama ataanza. Nimemweka benchi. Kuna kitoto kipya golini, kina miaka kumi na sita, kinatetemeka hata kwenye kona. Sijakipa jina bado. Kikifika mahali pa kulibeba, nitakipa lako.

Lala, kocha. Pumzika miguu. Tutapanda tu, nakuapia, na siku hiyo nitakuja makaburini na gauni la samawati, waseme wasemavyo, nikuambie matokeo mwenyewe. Rekodi yako ya nyumbani haijaguswa. Kipigo kile ni changu, nimekiandika kwa jina langu.

Mkono wako,
Mama Zuhura