Kikombe Nilichokigeuza kwa Bibi

Jumapili. Manyunyu yametusindikiza kutoka Nkoaranga mpaka hapa nyumbani Kikatiti, na mlima haujaonekana siku nzima. Mtoto amelala. Mimi nimekaa na viatu vya tope miguuni, sina nguvu ya kuvivua.

Nimeaibika. Niandike hilo kwanza, mengine yafuate.

Anayesoma hapa anajua nauza vyombo vya mtumba sokoni, na kazi hiyo imeninoa macho. Sahani ikinifikia naigeuza. Natafuta mhuri wa kiwanda kitakoni, naangalia kama imeandikwa England. Naigonga kwa ukucha: kaure nzuri inalia kama kengele ndogo, ya kawaida inatoa mlio mfupi tu. Kisha naiinua kwenye mwanga. Kama ni ile nyembamba ya zamani, kivuli cha vidole vyangu kinaonekana upande wa pili. Hivyo ndivyo ninavyojua cha kumuuzia mama ntilie na cha kumwekea mteja wangu wa mjini anayepamba hoteli za watalii. Sikusomea. Nimefundishwa na hasara.

Sasa leo. Bibi yake mume wangu alituita tumpelekee mtoto, maana mtoto amebeba jina lake na alikuwa hajampa zawadi. Sebule ilijaa: mama mkwe wangu, mashangazi wawili wa mume wangu, na majirani waliotoka kanisani. Bibi akafungua kitenge, akatoa kikombe na kisosi chake, vya maua ya waridi na ukingo wa dhahabu. Alipewa na mama mmoja Mwingereza wa shamba la kahawa, ambaye bibi alikuwa akimpikia enzi za usichana wake. Ukoo mzima unavijua. Havijawahi kunywewa chai.

"Haya, Ndeshi mdogo," bibi akasema, "hivi ni vyako."

Nilipaswa kupokea kwa mikono miwili, nipige goti kidogo, niseme asante. Badala yake mkono wangu ukakigeuza kisosi. Mhuri upo, England ipo, dhahabu imelika kwa uzee. Nikafurahi! Nikakigeuza na kikombe. Kizito. Nikakigonga, hakikulia. Chini kimeandikwa kwamba kinafaa kuwekwa kwenye maikrowevu.

"Mama Ndeshi, hapa si sokoni Kikatiti!" shangazi mkubwa akanitania, watu wakacheka. "Haya tuambie basi, bei gani?"

Ningecheka nao yangeisha. Lakini nilikuwa nimechoka, meno ya mtoto hayajaniacha nilale wiki nzima, na ujuzi nao una kiburi chake. Nikasema, "Kisosi ni cha kale kweli, shangazi. Kikombe hapana. Hiki kimeletwa baadaye, si mwenzake."

Kicheko kikakatika. Bibi akainamisha macho.

"Nilikivunja mimi," mama mkwe akasema.

Alikuwa na miezi miwili tu tangu aolewe, anakifuta vumbi, kikamponyoka. Bibi aliokota vipande akavifukia mgombani. Kisha akashuka mjini, akazunguka maduka mpaka akapata kinachofanana. Hakumwambia hata babu. Hakutaka mawifi wapate la kumsema mkamwana wake.

"Kumbe, wifi!" shangazi mkubwa akasema. "Na sisi tumekitambia miaka yote hii!"

Alisema kwa utani. Mama mkwe hakucheka.

Bibi ameificha siri ya kile kikombe tangu mume wangu hajazaliwa. Mimi nimeifichua kabla sijasema asante.

Ningegombezwa ingekuwa nafuu. Bibi aliviviringisha vyote viwili kwenye kitenge, akaniwekea mapajani. "Shika, mama. Vyote ni vya mtoto." Basi. Akaenda kuangalia mtori jikoni.

Wakati wa kuondoka mama mkwe alimbeba mtoto mgongoni mwake, kwenye kile kinjia cha mteremko, mpaka barabarani, ili nisiteleze naye. Nilimfuata nyuma nikiangalia visigino vyake.

Najua nitajitetea kwamba sikusema uongo. Kweli, sikusema. Lakini nani aliniuliza? Shangazi alitania, na mimi nikajibu kama niko mezani kwangu na mteja.

Kisosi kile mteja wangu wa mjini angekichukua hata kikiwa peke yake. Kikombe hakuna ambaye angekitaka. Nimeviweka rafu ya juu, pamoja, na nimemwambia mume wangu haviuzwi, hata tukikosa unga.

Kesho asubuhi nitampigia mama mkwe. Samahani nitaisema, hilo halina mjadala, na kwa bibi nitapanda tena mwenyewe. Ila nitaanza na shikamoo kama siku zote, nisikie kama marahaba yake bado ni ile ile.