Shangazi Anadhani Naumwa

Ansab, Maskati
Ijumaa asubuhi

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Vipi mgongo wako, na hao wanafunzi wako wamekubakishia sauti? Huku joto limeanza kulegea, tunaweza kukaa nje baada ya magharibi bila ya kuchuruzika jasho. Barua hii nimeituma kwa sanduku la posta la skuli yako, isipitie mikononi mwa mtu nyumbani. Isome peke yako.

Kabla ya yote, mie siumwi. Hata mafua sina. Chochote ulichokisikia kwa Mama, nduguyo mzima, na kanzu zinambana tumboni.

Ilivyokuwa ni hivi. Mie na Majid tuliamua mwaka huu likizo tuile pamoja, mahali pazuri penye bahari na minazi. Najua utasema, kwani Unguja hakuna bahari wala minazi? Ipo, dada. Lakini unakumbuka nilipokuja naye. Yeye alitandikiwa ukumbini na wajomba, mie nikalazwa chumbani na watoto wako, na kila aliyeingia akaniuliza naoa lini. Wewe peke yako ndiye uliyejua Majid ni nani kwangu, ukawa unamjazia sahani bila kusema neno. Sijakusahau kwa hilo.

Hapa Maskati wanaume wawili wakikodi nyumba, wakila sahani moja, hakuna anayeuliza. Kinachotuchosha ni kuchunga macho. Mie nimechoka kumwangalia mtu wangu kwa wizi, dada. Tulitaka siku chache tu za kukaa kitako bila ya kugeuka nyuma.

Basi jioni nikitoka dukani, tunakutana mtaa wa Hamriya kwenye duka la intaneti, tunatafuta nchi. Mombasa ina binamu zake. Kerala, kule India, nikaikataa mie, maana nusu ya wenzangu dukani ndiko kwao, wangekuja kutupokea uwanja wa ndege na mashada. Mwisho tukapata kisiwa kidogo huko Thailand, nyumba ya wageni ya mama mmoja mtu mzima. Watu waliowahi kukaa kwake, wanaume kwa wanaume wenzao, wameandika kuwa hapo mtu haulizwi kitu. Majid hakuamini. Unamjua, yeye kazaliwa Tabora, hata Kiswahili chake husema taratibu kama anasoma taarifa ya habari. Akaniambia, "Nassor, tumwandikie ukweli. Nimechoka kufika mahali nikaanza kueleza."

Tukaandika: sisi ni wanaume wawili, tunataka kitanda kimoja, kama haiwezekani tafadhali tuambie mapema. Jibu lilipokuja nikalisoma kwa sauti ndogo. Kitanda kipo. Chandarua kina tundu lakini atakishona kabla hatujafika. Je, pilipili tunakula? Basi, hayo tu. Majid akaniambia nisome tena, nikasoma, akaniambia tena.

Kosa nimelifanya mie, kwa furaha. Nilirudi kwa shangazi Salma ninakokaa, nikamkuta anamimina kahawa, nikamwambia naenda Thailand. Akaliweka birika chini. "Unaumwa nini, mwanangu?"

Dada, huku mtu akisema Thailand maana yake hospitali. Nilisahau kabisa. Mume wa jirani alikwenda kutibiwa moyo, mtoto wa nyumba ya mbele yetu alikwenda kutibiwa mgongo, hakuna anayemjua mtu aliyekwenda kuogelea. Nikamwambia, "Shangazi, naenda kupumzika tu." Akaanza kulia. "Wenye maradhi makubwa ndivyo wanavyosema."

Nikazidi kukataa, akazidi kuamini. Asubuhi yake nyumba ishajaa wanawake, huyu na supu ya kuku, huyu na maji ya Zamzam, huyu ananiomba nikifika nimletee dawa ya magoti. Nimekalishwa juu ya mito. Mmoja akaniambia rangi imenipauka, nikajikuta naangalia kwenye kioo.

Shangazi akashika kuwa mgonjwa hasafiri peke yake, mwanawe atanifuata. Nikaona likizo yetu inakwisha mbele ya macho yangu. Nikasema, "Majid anakwenda na mie." Akaamrisha Majid aitwe.

Akaja na kanzu iliyopigwa pasi. Shangazi akamkalisha mbele yake. "Wewe ndiye utakayelala naye huko?"

Niliangalia zulia.

"Ndiye mimi, shangazi," Majid akasema.

"Na usiku akiamka?"

"Nitakuwepo."

"Hana subira, huyu. Akikuudhi?"

"Nimeshamzoea."

Shangazi akaushika mkono wangu akautia ndani ya mkono wa Majid, akaifunika mikono yetu kwa ya kwake. "Basi nimekukabidhi. Mtunze kijana wangu." Wanawake wote wakaitikia amina. Dada Zuhura, maneno haya nilikuwa nimeyasikia mara moja tu, siku shemeji alipokuja kukuchukua wewe. Tulipotoka, Majid alikaa ndani ya gari hakuliwasha, machozi yanamtoka.

Ningeweza kuliacha hapo. Lakini shangazi kampigia simu Mama. Mama akanipigia jana, sauti imemkauka, anafunga Jumatatu na Alkhamisi kwa ajili yangu. Nikamwambia siumwi, akasema, "Usinifiche, mwanangu. Alhamdulillahi huyo Majid anakwenda nawe." Nikaitikia tu, ndiyo Mama. Sijui niliitikia kwa woga au kwa raha ya kulisikia jina lake kinywani mwa Mama.

Siwezi kwenda kulala kwenye kitanda kile huku Mama anafunga nipone. Na akiamini siumwi, atauliza, sasa Thailand kuna nini, na kwa nini na yule? Kwenye simu siwezi, shangazi husimama karibu. Kwa hiyo nakuomba wewe. Kaa naye, mshike mkono. Mwambie kwanza mwanawe mzima, aache kufunga. Halafu mwambie Majid haendi kuniuguza. Mwambie anakwenda kwa sababu namtaka awe na mie, na si safari hii peke yake. Akikasirika, na akasirike, lakini asinililie kama maiti. Safari tumeisogeza mbele mpaka nipate neno lako. Majid mwenyewe ndiye aliyesema, "Mama kwanza."

Nisalimie shemeji, mwambie shati lake la kijani nimelipata. Wabusu wanao, hasa yule mdogo mwenye kununa. Msalimie bibi wa nyumba ya pili, anayetulea wote kwa kelele. Majid anakupa mkono, na anasema sahani zako anazikumbuka.

Na Mama akinyamaza kimya, asilie wala asikutukane, usiondoke. Mpe maji. Kisha mwambie chandarua kipo, na tundu litashonwa kabla hatujafika. Nnamjua, kwa hofu yake ya mbu, hilo ndilo atakalouliza mwanzo.

Ni mie nduguyo, mzima wa afya,
Nassor