Nikimtaja nimemfunga, nisipomtaja nani atamtafuta

Jumatano mchana. Mawingu mazito toka asubuhi, mvua hainyeshi.

Bhoke ametoka kuninyakulia simu sasa hivi, akabonyeza bonyeza mpaka ikapiga namba ya baba yake. Yule mama wa kwenye simu akasema namba haipatikani. Bhoke akamwamkia, shikamoo. Akasubiri aitikiwe. Akamwamkia tena, halafu akaanza kumsimulia habari za kuku wetu aliyetotoa vifaranga. Nikamnyang'anya simu, nikageukia ukutani asinione uso. Kioo bado kina uji wa vidole vyake.

Naogopa.

Hapa mmezoea niandike mambo ya uji wa ulezi na mtoto kuota meno. Leo sina pa kusemea, na huku kwenye blogu hakuna anayenijua kwa jina. Na mume wangu nitamwita baba Bhoke tu, mtanielewa mbele.

Jumamosi usiku ng'ombe wa baba mkwe waliibwa. Huku Kisaka yowe likipigwa kila mwanaume anatoka, na kulipopambazuka wakaanza kufuata nyayo. Kwa wasiojua mambo ya kwetu: nyayo za ng'ombe zikiingia kijiji fulani, wazee wa kijiji hicho wanatakiwa waonyeshe zilipotokea. Wakishindwa, wanalipa wao. Ni hivyo toka zamani, hata kwetu Tarime nilikozaliwa.

Sasa nyayo hizi ziliingia hifadhini.

Wenzake baba Bhoke waligeuzia kwenye bikoni, zile nguzo za mpaka wa hifadhi. Shemeji yangu Marwa alikuwepo, yeye ndiye aliyenisimulia. Anasema walimwambia kaka yake basi mura, hapa ndiyo mwisho, turudi tukatoe taarifa. Baba Bhoke akakataa. Akasema nyayo haziishii hewani, lazima kuna mtu wa kuzijibia huko ndani. Akaingia na panga lake kiunoni.

Nikiwaza naona ndipo alipokosea. Aliichukulia hifadhi kama kijiji kingine, kwamba atafika, atapewa kigoda, wazee watamsikiliza. Kule hakuna mzee wa kuulizwa nyayo. Kuna askari, na kuna simba.

Toka siku hiyo simu yake haipatikani.

Jana wanaume wa ukoo walikaa. Nilikuwa napeleka uji, nikasikia nusu. Baadaye Marwa akanifuata jikoni, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mke wetu, usiende kuuliza popote. Ukimtaja tu, umemfunga kwa mdomo wako."

Maana yake ni kwamba kuingia kule bila kibali, tena na panga, ni kesi. Kama yupo njiani anatoka kimyakimya, atafika nyumbani na hakuna atakayejua. Nikishasema jina, serikali inajua. Nikaitikia sawa. Mama mkwe alikuwa anachambua mboga pale pale. Huyu mama hajasema kitu toka mwanawe apotee. Na baba mkwe yupo kwenye zizi tupu, ila mimi siruhusiwi hata kumsogelea, ndiyo mila yetu, mkwe wa kiume unampitia mbali. Kwa hiyo sijui moyoni mwake kuna nini.

Nafua, nasonga ugali, kichwani nawaza ni mkono gani umemshika. Inawezekana wale askari wa hifadhi. Inawezekana alitokea upande wa Tarime akafuata nyayo mpaka huko mpakani mwa nchi, akaulizwa wewe raia wa wapi, na kitambulisho chake nimekiona humu ndani kwenye sanduku. Inawezekana polisi wamemkuta na ng'ombe wakadhani ndiye mwizi mwenyewe.

Au hakuna mkono wowote uliomshika.



Asubuhi nimeenda bombani, nikamkuta mtendaji wetu wa kijiji naye anateka maji. Ni dada wa Singida, anaitwa Rehema, hajaolewa, na watoto wa hapa wanamwita dada serikali, naye anaitika. Nikajifanya naulizia mtu mwingine. Nikamwambia nina ndugu yangu kule Tarime, mume wake amepotea, hajui akaulize ofisi ipi.

Akaendelea kujaza ndoo yake. Halafu akaniuliza, "Huyo ndugu yako, mtoto wake naye anaitwa Bhoke?"

Akaangalia kama kuna mtu nyuma yetu.

"Jina usiniambie kwanza. Mimi ndiye katibu wa kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji. Ukiniambia jina, sijasikia mimi Rehema, imesikia serikali. Kwanza elewa linakwenda wapi, halafu uamue mwenyewe."

Basi akaanza kunieleza. Wizara ya mambo ya ndani, idara, makamanda, mkoa, wilaya. Mimi niliishia darasa la saba, nikawa natikisa kichwa tu. Akaona sielewi. Nikamwambia ngoja dada, nipange kwa akili yangu. Huo si ni kama mji wa mzee mwenye wake wengi? Mzee ni waziri. Nyumba ya kwanza polisi, nyingine uhamiaji, nyingine magereza, nyingine zimamoto. Mji mmoja, ila kila mke ana jiko lake, huwezi kwenda kuomba chumvi ya huyu kwa yule.

Akacheka mpaka maji yakamwagika. "Eeh, ni hivyo hivyo. Ungekuja kufundisha semina wewe."

Nikauliza, na wale wa hifadhi? Akasema huo ni mji mwingine kabisa, wa maliasili, una baba yake. Jeshi nalo mji wake. Ila wa hifadhi wakikamata mtu, mwisho wanamkabidhi polisi, polisi ndio wanampeleka mahakamani. Magereza hawakamati, wanapokea aliyeletwa. Na wapo wale wasiovaa sare, usalama wa taifa, hao hawamo kwenye mji huu. Hao, nikamwambia, ni nyumba ambayo unajua ipo lakini moshi wa jiko lake huuoni. Hapo hakucheka.

Halafu akasema jambo lililonitisha kuliko yote. Kwamba pamoja na majiko kuwa mbalimbali, wilayani wakubwa wa nyumba hizo wanakaa pamoja, mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti wao. Kamati inaanzia hapa kijijini, inakwenda kata, wilaya, mpaka mkoa. Jina likitoka kwake linakwenda kata, polisi kata analipata, likifika Mugumu wilayani halina nyumba ambayo haitalisikia.

"Kwa hiyo nikisema mlango mmoja nimesema yote," nikamwambia.

"Yote."

"Na kulirudisha?"

"Halirudi, mama Bhoke."

Akajitwisha ndoo. Akasema mchana atapita na bodaboda kwenda ofisi ya kata, kama nina neno nimsubiri njiani, kama sina asinione. Hatagonga kwetu. Nikamshukuru. Njia nzima maji ya ndoo yalinilowesha mgongo.

Nimefika nyumbani nikaona mji mzima wa serikali umekaa kumngoja mtu mmoja, baba Bhoke, anayekunywa chai kwa kelele na anayeogopa sindano. Polisi, uhamiaji, wale wasioonekana, wote wananingoja mimi nifungue mdomo. Nikasema hapana. Marwa yuko sawa. Nitanyamaza.

Nikapika uji. Mtoto akanyakua simu, nimeshawaambia.

Na wakati namsikia anamwamkia yule mama wa kwenye simu, jambo likanigeukia kichwani. Kama jina moja linasikika na nyumba zote pale wanapomkamata mtu, si linasikika na nyumba zote pale wanapomtafuta pia? Mimi siwezi kuzunguka bikoni kwa bikoni. Siwezi kwenda Tarime kituoni, halafu mpakani, halafu hospitali. Marwa naye haendi. Wanaume wote wa yowe wamerudi kulima. Anayeweza kumuuliza askari wa hifadhi, na polisi, na uhamiaji, siku moja, ni yule tunayemwogopa.

Mume aliye rumande nitampelekea ugali. Nitapanda gari mpaka Mugumu na Bhoke mgongoni, nitakaa nje, nitangoja. Kesi ina siku yake ya kwisha. Lakini aliyevunjika mguu porini, na ndugu zake wamekubaliana wasimtaje, huyo nitampelekea ugali wapi?

Naogopa bado, msidhani nimekuwa jasiri. Inawezekana akifungwa atanilaumu maisha yangu yote, akitoka asiniangalie usoni. Ukoo watasema mke wa kutoka Tarime alimuuza mtoto wao. Nimewaza hata kurudi kwa mama kabla hawajanifukuza. Ila natumaini. Najiona nikimpigia kelele kwa nini aliingia, naye ananyamaza, anakula.

Bodaboda imesimama pale njiani, Rehema yuko juu yake, anaangalia pembeni kama alivyosema. Marwa ametoka zizini, amesimama katikati ya njia ya kutokea, anamwangalia Rehema, ananiangalia mimi. Nikisema naenda kuokota kuni atajua, nikisema

Mama mkwe ananiita. Yuko nje, amemshika Marwa mkono, amemsogeza pembeni, Bhoke ameshambeba mgongoni. Anasema, "Mama Bhoke, toka. Mwenzako anakungoja." Basi naenda, namwambia Rehema mume wangu anaitwa