Simu Iliyosahau Kuaga

Dada yangu Koku,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Goti lake je? Na migomba ya kibanjani imesimama, au upepo umeilaza tena? Mimi huku Dar ni mzima, joto tu ndilo linanipika kama ndizi kwenye sufuria. Nakuandikia maana nikipiga simu hapo Chonyonyo inakatika, hata salamu hatujamaliza.

Sasa kaa chini nikupe habari. Si unajua napika chai kwenye ofisi ya watu wa kompyuta? Kumbe kazi yao ni kuchukua programu za simu zilizotengenezwa nje, wazigeuze zifae kwetu. Mimi nilidhani wanageuza maneno tu. Wapi, wanageuza mpaka saa, mpaka picha. Hii ya sasa ni ya wakulima wa kahawa: unapiga picha jani linaloumwa, simu inakwambia ufanyeje. Ilikuja na picha ya shamba la kahawa tupu, mistari imenyooka, mgomba hata wa dawa hakuna. Nikamuuliza Neema, yule binti anayesimamia, "Sasa huyu mwenye shamba anakula nini?"

Wakataka sauti ya Kinyambo chetu cha nyumbani kwa ajili ya wazee wasiosoma. Wakanichukua mimi, maana mdomo wangu haupumziki hata nikiosha vikombe. Neema akasema, "Mama Alinda, wewe sema tu: piga picha jani."

"Nimwamrishe mtu mzima hata sijamsalimia? Watauliza nimelelewa wapi."

Basi nikasalimia. Nikauliza za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, ndiyo nikafika kwenye jani. Neema akacheka, akaiacha hivyo hivyo.

Dada, niliharibu. Walipopeleka simu za majaribio huko kwenu, wazee wakawa wanajibu salamu. Si unawajua. Mtu bado yuko kwenye habari za ndama, simu imeshasema jani na imenyamaza. Hakuna jani lililopigwa picha. Meneja akasema sauti yangu itolewe, atafutwe mtu asiye na maneno mengi. Niliumia, sikufichi. Programu yenyewe haihitaji mtandao, na mimi nilishajiona nimo ndani ya simu yako, mama ananisikia muda anaotaka.

Ila yale majaribio waliyarekodi. Wakati wanayasikiliza mimi namimina chai, nikasikia bibi mmoja anakatalia simu. "Msiizime. Huyu kaingia vizuri, kasalimia, mbona anaondoka bila kuaga?" Birika nusura linidondoke. Wewe nyuma yake unasema, "Mama, hiyo ni mashine." Naye anakujibu, "Mashine niliizaa lini?"

Kwa hiyo yeye alinijua. Wewe masikio yako uliyaacha jikoni.

Neema akauliza bibi anasema nini, nikawafasiria huku machozi yananitoka na kicheko pia. Meneja akasema, "Basi isalimie kifupi, isubiri wajibu, na mwisho iage." Akanitazama. "Na iwe sauti hiyo hiyo."

Tukarekodi kuaga. Nikaaga nyumba, nikaaga majirani, Neema akanikata, "Mama Alinda, hii ni simu, siyo harusi."

Msalimie shemeji, mwambie nimesikia kaacha pombe, nasubiri kuamini. Msalimie Mama Byera jirani yetu, na mke wa mchungaji. Senene wakianguka mnikaangie, msile wote.

Wakija tena na hizo simu, mweleze mama mapema kwamba safari hii nitaaga, asishtuke akadhani naondoka kabisa. Krismasi nakuja mwenyewe na miguu yangu. Na najua atainuka kuisindikiza simu mpaka njiani, kama anavyosindikiza kila mgeni. Usimcheke. Mwache, ila mshike mkono pale kwenye mtaro.

Ni mimi mdogo wako mwenye maneno mengi,
Mama Alinda